Daktari Aliyeitwa Kutoka Mtoni: Uchambuzi wa Kisa Kilichosimuliwa kwa Picha Chache

Tarehe 20 Septemba 1948 jarida la Life la Marekani lilitoa kazi ya mpiga picha W. Eugene Smith juu ya daktari wa mji mdogo wa Kremmling, jimboni Colorado. Daktari mwenyewe, Ernest Ceriani, alikuwa na miaka 32. Alitegemewa na watu wapatao 2,000 waliotapakaa kwenye eneo la maili za mraba 400 hivi, na hakuwa na mwenzake wa kupokezana naye zamu. Simu ikilia ni yeye. Mlango ukigongwa usiku wa manane ni yeye.

Wanaofundisha upigaji picha wa habari huipenda sana kazi hii, ila mara nyingi huizungumzia kwa picha mbili tu. Ya kwanza ni ile ya kufungulia, ambamo daktari anakatiza kwenye magugu, mkoba mkononi, mawingu mazito juu yake. Ya pili ni ile ya kufungia: amesimama jikoni hospitalini na kikombe cha kahawa na sigara, uchovu umemjaa mwili mzima. Ni picha kubwa zote mbili, sina ugomvi nazo. Lakini kila moja ungeweza kuitundika ukutani peke yake na ikajitosheleza. Anayetaka kujua hadithi husimuliwaje kwa picha chache za mnato atafaidika zaidi na kipande cha katikati, kisichotajwa sana: siku daktari alipokwenda kuvua samaki.

Kisa chenyewe

Ceriani amepata saa chache za kupumzika. Kwa mtu wa kazi ile, hilo peke yake ni habari. Anakwenda kuvua kwenye Mto Colorado, na tunamwona pale, mtu na ndoano yake na maji. Muda si mrefu anafuatwa: mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu amepigwa teke la kichwa na farasi.

Tukigeuza macho tuko hospitalini. Mtoto amelazwa, daktari na wauguzi wamemwinamia, wazazi wanatazama kwa wasiwasi. Kisha inakuja picha ya uso wa daktari, karibu kabisa. Ameshalishona jeraha la kwenye paji la uso, tena kwa ustadi, kovu litakuwa dogo. Jicho ndilo haliwezi kuokoka. Yeye ameshajua hilo, wazazi bado. Maelezo ya chini ya picha yanatuambia kwamba wakati ule alikuwa akitafuta namna ya kuwapunguzia makali ya habari hiyo.

Picha nyingine zipo kwenye kurasa hizo, lakini uti wa mgongo ni huo: mto, meza, uso. Kwa picha tatu tumepata mtu, tukapata jambo lililomfika, tukapata na mzigo ambao hawezi kuutua. Nitazichukua moja moja, ingawa si kwa urefu sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

Mto unafanya kazi gani?

Mhariri mwenye haraka angeitupa picha ya mtoni. Ni tulivu, haina tukio, na kwa anayehesabu nafasi kwenye ukurasa inaonekana kama anasa. Kuna ushauri uliozagaa kila mahali unaosema anza na kishindo. Ukiufuata hapa utaanza na mtoto mezani, na utakachopata ni picha za ajali. Zitahuzunisha, ndiyo, lakini daktari atakuwa ni mtu fulani aliyepo hospitalini kwa sababu ndiko kazini kwake. Hatutakuwa na sababu ya kumtazama yeye badala ya kumtazama mtoto.

Mto unabadilisha hesabu yote. Unatuonyesha mtu anayefurahia kitu chake, kitu kidogo, halafu ananyang'anywa. Anapofika mezani tunajua ametoka wapi na ameacha nini. Hatujaambiwa kwamba kazi yake haina mpaka. Tumeiona ikimfuata hadi majini. Picha ya mtu aliyechoka ofisini isingelisema hilo hata ingekuwa nzuri kiasi gani.

Kuna kazi nyingine ambayo mto unaifanya kimyakimya, nayo ni ya umbali. Mtoni kuna nafasi ya kupumua. Mezani watu wamebanana, kumejaa vichwa na mikono na shuka. Kwenye uso hakuna tena pa kwenda, jicho la msomaji limefika ukutani. Nafasi inazidi kubana kadiri hali inavyozidi kubana. Wahariri wa majarida ya picha wa enzi ile waliwataka wapiga picha wao warudi na picha za umbali mbalimbali, za mandhari, za kati, za karibu, za mikono, za watu wakizungumza, na wengi wakafanya hivyo kama mtu anayetimiza orodha aliyopewa. Matokeo yalikuwa kurasa zenye aina zote za picha na zisizo na mwendo wowote. Hapa mwendo unatokana na mpangilio: kila hatua ya kisa inamsogeza msomaji karibu zaidi, na hakuna mahali anaporudishwa nyuma akapumue.

Jaribu kuipindua. Anza na uso, uende mezani, umalizie mtoni. Picha ni zilezile, lakini sasa una kisa cha mtu aliyepitia siku ngumu akaenda kujituliza kwa kuvua. Kinafariji. Jambo lenyewe limegeuzwa kichwa chini bila kuguswa hata doa moja la wino. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema picha hazidanganyi, kisha wakaacha kuuliza nani alizipanga.

Teke ambalo halikuonekana

Farasi hayumo katika mfululizo huu. Mpiga picha hakuwapo teke liliporushwa, na hakuna aliyejaribu kuliziba pengo hilo kwa kutuwekea picha ya farasi asiye na habari. Kutoka mtoni tunarukia hospitalini, na tukio kubwa kuliko yote limeangukia katikati, mahali pasipo na picha.

Wanaoanza huyaogopa sana mapengo. Mwambie mtu asimulie kisa kwa picha sita, uone atakavyokimbilia hatua za kazi. Atampiga picha fundi anayetengeneza kiti: ubao, msumeno, randa, gundi, msasa, kiti kimesimama. Kila hatua ipo, hakuna iliyorukwa, na hakuna kisa. Kilichopo ni maelekezo ya namna ya kutengeneza kiti. Sasa toa tatu kati ya hizo. Mwanzoni weka kiti cha zamani kilichovunjika mguu, na kando yake mtu mzima ambaye amelazimika kukalia kitanda. Bakisha randa. Mwishoni mweke mtu yuleyule akikijaribu kiti kipya, mkono mmoja bado umeshika ukuta. Hatua nyingi hatuzioni tena, lakini msomaji sasa anajiuliza kitu: anakiamini kiti hiki au hakiamini? Swali hilo halimo ndani ya picha yoyote kati ya hizo. Limezaliwa baina yao.

Pengo la Kremmling linafanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila kwa ukali zaidi. Msomaji aliyemwona daktari mtoni kisha akamwona mtoto mezani analazimika kulitengeneza teke mwenyewe, na analitengeneza kwa kiasi anachoweza kukivumilia, au pengine zaidi ya hapo. Picha halisi ya tukio ingemwondolea kazi hiyo, na pamoja na kazi ingeondoka nusu ya hofu.

Sharti lipo, hata hivyo. Pengo kubwa namna hiyo linahitaji daraja, na daraja hapa ni mtu mmoja anayetambulika. Daktari wa mtoni ndiye daktari wa mezani, msomaji hana shaka, kwa hiyo hata mahali na saa vikibadilika ghafla hapotei. Mifululizo mingi mifupi huanguka kwa jambo dogo kama hili. Mhusika anaonekana kwa mgongo kwenye picha ya kwanza, amevaa kofia kwenye ya pili, na kwenye ya tatu yupo mtu mwingine kabisa aliyependeza kwenye mwanga. Mpiga picha alikuwapo, kwa hiyo yeye anajua nani ni nani. Msomaji hakuwapo.

Uso

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo bado linasimuliwa. Alichukua picha ileile ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote ya wazi, akaifuatanisha na picha tofauti: bakuli la supu, maiti kwenye jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoigiza njaa, kisha huzuni. Uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jirani yake.

Uso wa Ceriani si mtupu kama ule. Uchovu upo, na mkazo upo. Lakini uchovu wa nini? Ikate picha hiyo uitoe kwenye ukurasa, umpe mtu ambaye hajui lolote, na atakupa majibu kumi. Mtu anasikiliza habari mbaya za redio. Mtu amebishana na mkewe. Mtu hajalala. Ni meza iliyotangulia, na mto uliotangulia meza, vinavyoufanya uso huo usomeke kwa namna moja tu.

Na katika picha hiyo hakuna kinachotokea. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kisa hiki. Sindano imeshatua. Maneno bado hayajasemwa. Tuko katika kipande kidogo cha muda kati ya kazi iliyokwisha na kazi ngumu zaidi inayokuja, na mpiga picha amechagua kipande hicho kuwa kilele. Wengi wetu tungekitafuta kilele kwenye damu, au kwenye kilio cha mama. Smith amekiweka kichwani mwa mtu aliyesimama tu, akiwaza.

Linganisha na ile picha ya mwaka 1932 ya Henri Cartier-Bresson, ya mtu anayeruka dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris. Kila kitu kimo: mruko, kivuli majini, kisigino ambacho hakijagusa maji. Picha imejifunga yenyewe. Ukiiweka katikati ya mfululizo msomaji anasimama hapo, anaitazama, na anasahau alikuwa anakwenda wapi. Picha kamilifu mno ni jirani mbaya. Ya daktari ina upungufu, inahitaji iliyotangulia na inaomba inayofuata, na upungufu huo ndio unaoipa nafasi kwenye kisa. Wapiga picha hodari huumia sana wanapoambiwa hivi, kwa sababu maana yake ni kwamba picha yao bora ya siku inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kutolewa.

Neno lililo chini ya picha

Tusijidanganye kwamba picha zimefanya kazi yote. Jicho litakalopotea halionekani popote. Haliwezi kuonekana, kwa sababu ni jambo la baadaye, na kamera haina wakati ujao. Picha za mnato zina udhaifu mkubwa kwa kila kilicho ndani ya kichwa cha mtu: anachokijua, anachokificha, anachokusudia kusema. Bila maelezo ya chini tungeuona uchovu na tukaishia hapo.

Tazama basi jinsi kazi ilivyogawanywa. Maelezo hayasemi kwamba daktari anaonekana amechoka na kwamba mtoto amelazwa ili kurudia tulichokwisha kuona. Yanatuletea kile tusichoweza kukiona, kwamba jeraha limeshonwa vizuri, kwamba jicho limeshindikana, kwamba anatafuta namna ya kusema. Msomaji akishayapata anarudi kwenye uso, na sasa anauona uso mwingine. Anakwenda chini, anarudi juu. Safari hiyo ya macho, kutoka picha hadi neno hadi picha ileile, huwa ni ishara nzuri kwamba maneno yako mahali pake. Maelezo yakimwachilia msomaji aende bila kurudi, ujue yamerudia tu picha, au yameimeza.

Kuna shule inayosema mfululizo mzuri hauhitaji neno hata moja. Siikubali. Ni zoezi zuri la darasani, linamfundisha mtu kupanga, lakini kulifanya sheria ni kuwanyima wahusika wa kweli sehemu ya ukweli wao. Daktari huyu bila sentensi ile ni mtu aliyechoka. Pamoja nayo ni mtu mwenye siri ambayo haitaki kuwa siri.

Siku 23

Uso ule usingepatikana kwa ziara ya mchana mmoja. Smith alikaa na Ceriani siku 23. Siku za mwanzo, inavyosimuliwa, alikuwa akibonyeza kamera isiyo na filamu ndani yake, ili daktari amzoee na filamu isiharibike bure. Smith mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni alipiga picha chache sana, akitaka kwanza kumjua mtu na namna anavyofanya kazi. Ceriani naye alikuja kusema kwamba alikuwa akimtambulisha kwa wagonjwa, kisha anaendelea na shughuli zake kana kwamba yule ni kitasa cha mlango.

Watu huchukulia hadithi hii ya kamera tupu kama kichekesho au ujanja. Mimi naiona kama uamuzi wa kimpangilio. Mfululizo uliojengwa juu ya uso usioigiza hauwezi kusimama kama mhusika anajua anatazamwa. Picha ya kufungulia, ile ya magugu, ingevumilia kidogo. Mtu anayetembea anaweza kujua kamera ipo na bado akatembea vizuri. Uso ule hauvumilii. Angeitupia kamera jicho mara moja tu, kisa kingekuwa cha daktari anayejua kwamba anapigwa picha ya huzuni.

Siku hizo pia zilimpa kitu cha pili: uwezekano wa kuwa mtoni. Hakuna mhariri anayemtuma mtu akapige picha za daktari akivua samaki. Picha ya mtoni ilipatikana kwa kuwa mpiga picha aliendelea kufuata hata pale ambapo kazi ilionekana imesimama. Wito ulipokuja, mwanzo wa kisa ulikuwa tayari ndani ya kamera, kabla hata hakijajulikana kuwa ni kisa.

Jikoni, na tatizo la jirani

Mpaka hapa nimekuwa nikisifu. Sasa tuitazame ile picha ya jikoni, kwa sababu nguvu ileile iliyofanya uso wa daktari usomeke ndiyo inayoleta tatizo hapa.

Maelezo ya jarida yanasema Ceriani yuko jikoni baada ya upasuaji uliokwenda mpaka saa nane za usiku. Upasuaji gani, hayasemi. Katika kurasa zinazotangulia yupo mzee sana aliyeletwa hospitalini akakatwa mguu uliooza. Msomaji anayefuata mpangilio ataunganisha mwenyewe: mzee amekatwa mguu, kazi imekuwa ndefu, daktari anakunywa kahawa. Ni usomaji wa kawaida kabisa, hakuna wa kulaumiwa. Ila historia ya picha hiyo inavyoelezwa ni nyingine. Usiku ule daktari alikuwa ametoka kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua, na mama na mtoto wote wawili walifariki.

Je, jarida lilidanganya? Sentensi yake ni ya kweli neno kwa neno. Picha nayo ni ya kweli. Kilichofanyika ni kwamba ukimya uliachiwa nafasi, na jirani akaingia kuijaza, maana ujirani kwenye ukurasa unasomeka kama sababu na matokeo hata pale ambapo hakuna aliyeutaka usomeke hivyo. Ninaweza kuelewa kwa nini walinyamaza. Mji ulikuwa mdogo, kila mtu angejua ni mke wa nani, na familia ilikuwa na msiba mbichi. Huenda ukimya ulikuwa ndiyo heshima. Lakini heshima hiyo ingeweza kutunzwa bila kumpeleka msomaji kwenye sababu isiyo yake: picha moja tu tulivu katikati, barabara, mlango, kitu chochote kinachosema muda umepita, na ule uzi wa mguu hadi kahawa ungekatika. Mhariri alikuwa na njia ya kunyamaza bila kupotosha, na sioni kwamba aliitumia.

Inashangaza namna tunavyogawa hasira zetu. Miaka michache baadaye Smith alitengeneza picha ya Albert Schweitzer, daktari mmisionari aliyefanya kazi Afrika, kwa kuunganisha negativu mbili kwenye chumba cha giza, na jambo hilo bado linatajwa kama doa kwenye jina lake. Sina shida na lawama hiyo, anastahili. Ila kuunganisha negativu mbili katika picha moja kunaitwa udanganyifu, na kuunganisha matukio mawili katika mpangilio mmoja kunaitwa uhariri, ingawa akilini mwa msomaji matokeo yanaweza kukaribiana sana.

Smith mwenyewe alilijua hili kuliko yeyote, na liligeuka kuwa vita vyake. Kazi ya Schweitzer ilichapwa Novemba 1954 kwa uchaguzi na mpangilio ambao hakuukubali, naye akaachana na Life. Mwaka uliofuata alipewa kazi mjini Pittsburgh, picha 100 hivi kwa wiki chache. Safari hii hakukubali kubanwa na mhariri. Alipiga maelfu kwa maelfu, akaendelea kuzipanga na kuzipangua kwa miaka, na hakuwahi kuifunga namna alivyotaka. Mtu aliyeweza kubeba kisa kizima kwa mto, meza na uso alishindwa kuumaliza mji kwa maelfu ya picha. Wengine wanasema ni ukaidi wake tu. Nadhani kuna zaidi ya hapo: kisa cha mtoni kilikuwa na mtu mmoja wa kufuata na wito mmoja wa kukigeuza, na Pittsburgh haikuwa na kimoja kati ya hivyo. Ilikuwa na mada, na mada haina mahali pa kuishia.

Tungekipanga vipi leo

Uso wa mtoto aliyejeruhiwa uliingia kwenye jarida lililosomwa na mamilioni. Mwaka 1948 hilo halikuwa ajabu. Leo mhariri makini angesita. Mtoto hakuweza kukubali wala kukataa, wazazi walikuwa katika hali ambayo ndiyo yao haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo kamili, na picha hazifutiki tena zikishatoka. Swali la kitaalamu linalofuata ni hili: ukiitoa picha inayoonyesha jeraha, kisa kinabaki?

Nadhani kinabaki, na si kwa shida. Chukua mto, kisha wazazi wanavyotazama, bila ya kuonyesha wanachokitazama, kisha uso wa daktari. Pengo limekuwa kubwa zaidi: sasa hatuoni teke wala kidonda. Lakini daraja lipo bado, na macho ya wazazi yanatosha kutuambia kitandani kuna nani. Umbali unaendelea kubana vilevile. Hata ule mgawanyo kati ya anayejua na wasiojua unakuwa wazi zaidi, kwa kuwa picha mbili za mwisho sasa ni wazazi na daktari wakikabiliana kwenye ukurasa, na hakuna kitu katikati yao.

Kinachopungua ni uhakika wa macho. Msomaji wa mpangilio huu hajaona ustadi wa mikono ya daktari, na bila ustadi huo kushindwa kwake kuliokoa jicho kunaweza kusomeka kama uzembe. Hilo lingekuwa kosa kwa Ceriani, kwa hiyo mzigo unahamia kwenye maelezo ya chini ya uso: yataje kwanza mshono na kovu litakavyokuwa dogo, ndipo yalitaje jicho. Sentensi itarefuka kidogo. Mhariri wa ukurasa atalalamika, na atapewa nafasi kwa kupunguza upana wa picha ya wazazi.